Dawa za kemo wodini: bomba au mfuko, meza au kabati, pampu au puto?

Hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti inapoamua kuanza kutoa kemo, au kuimarisha huduma iliyopo, hukuta orodha ya vifaa ni ndefu na pesa ni kidogo. Wauzaji watakuja na vipeperushi vyao, wafadhili na makontena yao. Kila kimoja kinaitwa kifaa cha usalama, lakini usalama wa nani na dhidi ya kosa gani, hapo ndipo pa kuuliza. Kuna makosa yanayomuua mgonjwa siku chache baadaye, kuna yanayomwachia kidonda mkononi, na kuna yanayomwathiri mfamasia au muuguzi polepole kwa miaka. Hayazibwi na kifaa kimoja.

Tunalinganisha njia zinazoshindana, jozi kwa jozi, kwa kipimo hiki: njia inayolifanya kosa lisiwezekane kabisa inaitangulia njia inayomtaka mtu awe makini zaidi. Umakini upo asubuhi. Saa tisa alasiri, wagonjwa kumi na nane wakiwa kwenye viti na muuguzi mmoja amekwenda kuchukua damu, umakini umepungua.

Vinkristini: bomba la sindano au mfuko mdogo wa dripu

Tuanze na jozi hii kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama, na ndiyo inayookoa maisha moja kwa moja.

Vinkristini, moja ya dawa za kemo, hutolewa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingia kwenye uti wa mgongo hupooza mwili kuanzia miguuni kwenda juu, na karibu kila aliyepatwa alikufa, wengine baada ya siku chache, wengine baada ya wiki. Wachache walionusurika walibaki na ulemavu mkubwa. Kosa hili limeripotiwa zaidi ya mara mia moja duniani tangu miaka ya 1960. Tukio linalojulikana sana ni la Nottingham, Uingereza, Januari 2001: kijana wa miaka 18, ambaye saratani yake ya damu ilikuwa imetulia, alipigwa vinkristini mgongoni badala ya mshipani na akafa mwezi uliofuata. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa hospitali zote kwamba vinkristini iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, si kwenye bomba.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Limfoma ya taya na tumbo kwa watoto, ile aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, kwa kawaida hutibiwa kwa siklofosfamidi na vinkristini mshipani pamoja na methotreksati kwenye uti wa mgongo. Mtoto yuleyule, mzunguko uleule wa tiba, mara nyingi siku ileile. Mazingira ya ajali yamo ndani ya tiba yenyewe.

Sasa weka njia mbili mezani. Kwa njia ya bomba, dozi ya mtu mzima ya 2 mg ni 2 ml tu za dawa. Unaichora kwenye bomba dogo, unaibandika lebo, unaiweka kwenye trei. Kando yake lipo bomba jingine dogo lenye dawa ya mgongoni. Mabomba yote mawili yanaingia vizuri kabisa kwenye sindano ya mgongo. Watu hujitetea kwa rangi: methotreksati ni ya njano, vinkristini haina rangi. Lakini sitarabini, ambayo nayo hupigwa mgongoni, haina rangi pia. Lebo hubanduka, na mwenye glavu zenye unyevu anayemshika mtoto anayelia hasomi lebo mara mbili.

Kwa njia ya mfuko, dozi ileile unaiweka ndani ya 50 ml za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 (mtoto mdogo, 25 ml) na kuipitisha kwa dakika 5 hadi 10. Mfuko haufungiki kwenye sindano ya mgongo, na hata angetokea mtu wa kujaribu, hakuna daktari anayesukuma 50 ml mgongoni. Hapo kosa limezibwa bila kumtegemea mtu yeyote kukumbuka chochote.

Wanaopinga mfuko wana hoja moja ya maana: vinkristini huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, na muuguzi anayesukuma bomba kwa mkono huhisi upinzani mapema. Ni hoja ya kusikilizwa, ila uzoefu wa hospitali zilizohamia kwenye mfuko ni kwamba uvujaji umebaki nadra, na kidonda cha mkono hakilingani na kifo. Jibu lake ni utaratibu. Mfuko uning'inizwe na ushuke kwa uzito wake, usipitishwe kwenye pampu, maana pampu itaendelea kusukuma hata dawa ikiingia kwenye nyama. Muuguzi abaki pale dakika zote. Aangalie damu ikirudi kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kisha asafishe mrija kwa maji ya chumvi.

Kikwazo halisi ni kwamba mifuko ya 50 ml haipatikani kila ghala. Ukiwa na ya 100 ml, toa 50 ml ndani ya kabati la kuandalia dawa kabla ya kuongeza vinkristini. Usifanye hivyo wodini. Na usikimbilie ya 500 ml, kwa kuwa dripu ya saa nzima ya dawa inayounguza kwenye kanula (mrija mfupi wa mshipani) ya mkono ni kujitafutia matatizo.

Hata ukihamia kwenye mfuko, dawa ya mgongoni ibaki na utaratibu wake: chumba tofauti, daktari aliyeandikwa kwenye orodha ya walioruhusiwa, na vinkristini isitoke famasi mpaka famasi ipokee karatasi iliyosainiwa kwamba sindano ya mgongo imekwisha. Lebo ya mfuko iandikwe kwa herufi kubwa: KWA MSHIPA TU – HUUA IKITOLEWA KWINGINE. Ukilazimika kuchagua kati ya hatua hizi na mfuko, chagua mfuko. Ila hakuna sababu ya kulazimika, kwa kuwa karatasi na chumba havina bei.

Kuandaa dawa: meza ya wodi, kabati, au vifungio vilivyozibwa

Tangu mwaka 1979, utafiti wa Ufini ulipoonyesha kwamba mkojo wa wauguzi waliokuwa wakishika dawa hizi una dalili za kemikali zinazobadilisha chembe za urithi, hakuna tena anayeweza kusema kwamba kuchanganya kemo kwenye meza ya wodi dirisha likiwa wazi ni sawa. Bado hufanyika. Kichupa chenye mgandamizo ndani kikichomwa sindano hurusha ukungu usioonekana, na barakoa ya upasuaji haiuzuii.

Njia ya kwanza ya kuachana na meza ni kabati la usalama la kibaolojia la daraja la pili. Hewa hushuka kutoka juu ikiwa imechujwa, hunyonywa mbele na nyuma ya sehemu ya kazi, hivyo dawa inalindwa na uchafu na anayeandaa analindwa na dawa. Kabati hili lina aina mbili utakazoziona kwenye zabuni. Aina ya A2 hurudisha ndani sehemu kubwa ya hewa baada ya kuichuja, kama asilimia 70, na kutoa iliyobaki. Aina ya B2 hutoa nje hewa yote kwa bomba na feni yenye nguvu. Kwenye karatasi B2 ni bora zaidi. Kwenye jengo lenye umeme unaokatika, A2 iliyounganishwa na bomba la kutolea hewa nje huwa chaguo la busara zaidi: B2 inategemea feni ya nje, na feni hiyo ikisita tu kabati zima halifai. Vyovyote utakavyochagua, weka betri ya kushikilia umeme itakayotosha kumaliza dozi iliyo mkononi wakati jenereta inawaka, na kabla ya kununua uliza ni fundi gani atakuja kupima kasi ya hewa na uzima wa chujio kila mwaka. Kabati lisilopimwa ni fanicha.

Na hapa tuseme jambo kuhusu misaada. Kifaa kinachofika mara nyingi kwenye makontena ni meza ya hewa safi inayopuliza kwa ulalo, kutoka nyuma kwenda kwa aliyekaa mbele. Inafanana sana na kabati, ina kioo, taa na chujio zuri. Inamlinda mgonjwa dhidi ya vijidudu, lakini inampulizia mfamasia dawa usoni. Kwa kemo, isitumike hata kwa siku moja. Iende maabara au kwenye lishe ya mshipani.

Njia ya pili ni sanduku lililofungwa lenye glavu zilizojengwa ndani. Halidai chumba cha hali ya juu kama kabati, na hilo ni jambo kubwa kwa jengo la zamani. Ila kazi ndani yake ni ya polepole, glavu hutoboka na lazima zikaguliwe kila siku, na wafamasia wenye mikono midogo huchoka haraka. Kwa hospitali yenye dozi nane kwa siku, linafaa. Kwa dozi arobaini, foleni itafika getini.

Njia ya tatu ni vifungio vilivyozibwa, yaani vile viunganishi vya kichupa na bomba ambavyo haviruhusu mvuke kutoka wala hewa ya nje kuingia. Ni vizuri kweli, na Marekani viwango vya famasi vinavidai wakati wa kumpa mgonjwa dawa pale umbo la dawa linaporuhusu. Shida ni kwamba kila kichupa kinataka kiungo chake na kila bomba chake, hutumika mara moja na kutupwa. Kabati hulipwa mara moja; vifungio hulipwa kila asubuhi. Mkataba ukikatika katikati ya mwaka wa fedha mnarudi palepale. Tena havichukui nafasi ya kabati, hata wanaovitetea sana wanasema hivyo. Mwenye pesa ya kimoja tu anunue kabati, kisha atumie misumari ya kichupa yenye chujio la hewa lisilopitisha maji, ambayo ni nafuu zaidi, pamoja na mabomba ya kufunga kwa kuzungusha ili sindano isichomoke.

Kuna mambo ambayo hayahitaji zabuni na yanapunguza umwagikaji zaidi ya watu wanavyodhani. Ingiza hewa ndani ya kichupa kidogo kuliko dawa unayotoa, ili shinikizo la ndani liwe chini. Usijaze bomba zaidi ya robo tatu. Jaza mrija wa dripu kwa maji ya chumvi ndani ya kabati kabla ya kuongeza dawa kwenye mfuko, ili wodini mtu asilazimike kutoa hewa kwa kudondosha dawa kwenye pamba. Dripu ikiisha, tupa mfuko na mrija vikiwa vimeunganishwa, usichomoe. Glavu mbili za nitrili, za ndani chini ya mkono wa gauni na za nje juu yake, zibadilishwe kila nusu saa. Na kabati lisifutwe kwa spiriti pekee: spiriti huua vijidudu ila dawa ya kemo inaisambaza tu. Anza na sabuni na maji, spiriti baadaye.

Fluorourasili ya saa 46: pampu ya umeme, pampu ya puto, au vidonge

Kwa saratani ya utumbo mpana, ratiba inayotumika sana inataka fluorourasili 2,400 mg kwa kila mita ya mraba ya mwili, ikipita taratibu kwa saa 46. Kumlaza mgonjwa siku mbili kila baada ya wiki mbili ni mzigo kwa wodi na kwa familia, kwa hiyo swali la kifaa hujitokeza mapema.

Chukua mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.7. Dozi ni 4,080 mg. Dawa yenye 50 mg kwa ml inatoa 81.6 ml. Ongeza 10.4 ml za maji ya chumvi ifike 92 ml, na kwa saa 46 hiyo ni 2 ml kwa saa. Hesabu ndogo. Lakini mtu akigawanya kwa siku badala ya saa akapata 48, kisha akaandika 48 kwenye sehemu ya ml kwa saa, dawa ya siku mbili itaisha kabla ya saa mbili.

Hilo si la kufikirika. Edmonton, Kanada, mwaka 2006, mgonjwa alipaswa kupata fluorourasili kwa siku nne. Pampu iliwekwa 28.8 ml kwa saa badala ya 1.2, dawa yote ikaingia kwa saa nne, na akafa wiki tatu hivi baadaye. Lebo ilikuwa na namba zote mbili, ya saa 24 na ya saa moja. Muuguzi wa pili alihakiki, naye akasahau kugawanya kwa 24. Ukaguzi wa watu wawili ulifanyika, na haukusaidia, kwa sababu wa pili alipita njia ileile ya wa kwanza.

| | Pampu ndogo ya umeme | Pampu ya puto | Vidonge vya kapesitabini |
|---|---|---|---|
| Kasi huwekwa na nani | Muuguzi, kwa kubonyeza | Kiwandani, kwa kizuia-mtiririko | Hakuna kasi |
| Kosa la mara 24 | Linawezekana | Haliwezekani | Haliwezekani |
| Kosa lake la kawaida | Namba au kipimo kibaya, betri | Puto la kasi isiyo sahihi, klempu kusahaulika, joto | Mgonjwa kuendelea baada ya siku ya 14, kuharisha bila kurudi hospitali |
| Inahitaji katheta (mrija mrefu) ya mshipa mkubwa | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Hutumika tena | Ndiyo | Hapana | – |
| Kengele ikisimama | Ipo | Hakuna | – |

Puto, yaani mfuko wa mpira unaosukuma dawa kwa kujikaza wenyewe, linashinda pale penye hatari kubwa zaidi: halina kitufe cha kubonyeza. Lakini lina tabia zake. Puto la 2 ml kwa saa na la 5 ml kwa saa hufanana. Ukimpa mgonjwa wetu la pili, 92 ml zitaisha kwa saa 18. Kwa hiyo famasi iweke kabatini aina moja tu ya kasi, basi. Kizuia-mtiririko hupimwa kwa joto la ngozi, ndiyo maana kinabandikwa mwilini kwa plasta. Kikining'inia juani Mombasa dawa hukimbia, kikiwa chini ya feni usiku hupungua, kadiri ya asilimia mbili au zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto. Puto likiwa juu sana ya katheta hutiririka haraka, likiwa chini hupungua. Na kwa kuwa halina kengele, mfundishe mgonjwa kulipima: mililita moja ni karibu gramu moja, mizani ya jikoni inatosha. Liandikwe uzito wa kuanzia na uzito unaotarajiwa asubuhi ya kesho. Lisipungue kabisa, aangalie klempu kwanza kabla ya kupiga simu. Fluorourasili isiwekwe kwenye friji, hujitenga na kuwa chembechembe zinazoziba kizuia-mtiririko.

Vidonge vya kapesitabini vinafuta maswali ya pampu na katheta pamoja. Hupewa mara mbili kwa siku kwa siku 14, kisha mapumziko ya siku 7. Kwa mgonjwa anayetoka mbali, ni njia ya kufikiriwa kwanza. Ila hatari haikufutika, imehamia nyumbani. Mgonjwa anayeharisha mara sita na bado anameza kwa sababu daktari alisema amalize dozi, huyo ndiye anayeletwa akiwa amekauka. Toa vidonge vya siku 14 kamili, visizidi hata kimoja. Pima figo: usafishaji wa kreatini kati ya 30 na 50 ml kwa dakika, dozi ya kuanzia inashuka hadi asilimia 75, chini ya 30, haipewi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kutokwa damu vibaya, kwa hiyo uliza dawa zote anazomeza, za dukani pia.

Kwa hospitali isiyo na uwezo wa kuweka katheta za mshipa mkubwa, chaguo ni vidonge. Yenye katheta, ichague puto kwa wagonjwa wa nje na iache pampu ya umeme kwa waliolazwa. Na lebo ya pampu ya umeme iwe na namba moja tu ya kasi: ml kwa saa. Mhakiki afanye hesabu yake kuanzia kwenye oda ya daktari, bila kuonyeshwa jibu la mwenzake.

Kanula ya mkono, katheta ndefu, au poti

Dawa zinazounguza nyama, hasa doksorubisini ambayo wagonjwa huiita ile nyekundu, na vinkristini, ndizo zinazofanya uchaguzi huu uwe na maana.

Kanula ni ya haraka na nafuu, na kwa mizunguko minne ya dawa nyekundu kwa mgonjwa mwenye mishipa mizuri inatosha. Masharti: iwekwe siku ileile, ile ya jana haifai. Iwe kwenye mkono wa chini kati ya kifundo na kiwiko, si mgongoni mwa kiganja wala kwenye kunjo la kiwiko, ambako uvujaji huharibu kano na mishipa ya fahamu. Isiwe upande ulioondolewa titi na tezi za kwapa. Ukikosa mara ya kwanza, nenda mkono mwingine au juu ya pale ulipochoma, kamwe si chini yake. Plasta iwe ya kuonyesha ngozi. Sukuma dawa nyekundu kupitia tundu la pembeni la dripu ya maji ya chumvi inayotiririka, angalia damu ikirudi kila baada ya ml 2 hadi 5, na usiruhusu mtu akuite.

Katheta ndefu inayoingizwa mkononi na kufika karibu na moyo huondoa sehemu kubwa ya hofu ya kuvuja, lakini inataka kusafishwa na kubadilishwa plasta kila wiki. Mgonjwa wa mjini, sawa. Anayekaa saa nane kwa basi atarudi na maambukizi. Kwake poti, ile inayozikwa chini ya ngozi, ni bora: haina kitu nje na hutaka kusafishwa takriban kila wiki nne ikiwa haitumiki. Inahitaji chumba cha upasuaji, sindano maalumu isiyokata mpira, na bomba la 10 ml au kubwa zaidi wakati wa kusukuma, kwani bomba dogo hutoa shinikizo linaloweza kupasua katheta. Kama imefungwa kwa heparini, itoe na usafishe kwa maji ya chumvi kabla ya doksorubisini; zikikutana hufanya mashapo. Na poti nayo huvuja, sindano ikiteleza kifuani bila mtu kuona.

Dawa ikivuja: simamisha, usichomoe kanula, vuta kadiri itakavyotoka, chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na upige picha. Baada ya hapo njia hugawanyika, na kuchanganya kunaumiza. Doksorubisini hutaka baridi, dakika 20 mara nne kwa siku. Vinkristini hutaka joto, na hialuronidasi (kimeng'enya kinachoisambaza dawa iliyovuja) ikiwepo. Baridi huzidisha madhara ya vinkristini. Deksrazoksani ndiyo dawa rasmi ya uvujaji wa doksorubisini, ianze ndani ya saa 6 na iendelee kwa siku tatu, na barafu iondolewe angalau dakika 15 kabla yake. Ni ghali na huisha muda bila kutumika, hivyo ni afadhali hospitali za kanda moja zikubaliane ni ipi itaiweka na itafikaje kwa nyingine. Karatasi yenye safu mbili, BARIDI na JOTO, na majina ya dawa chini yake, ibandikwe kwenye boksi la dharura lenyewe.

Pampu au kuhesabu matone

Kwa dripu nyingi za kemo, kuhesabu matone kunatosha. Paklitakseli ya saa 3 kwenye 500 ml, kwa mrija wa matone 20 kwa ml, ni kama matone 56 kwa dakika. Lakini kumbuka mafuta yanayoyeyushia paklitakseli hufanya matone yawe madogo, kwa hiyo hesabu sahihi bado itachelewa. Bandika plasta kwenye mfuko yenye alama za saa na ufuate ujazo badala ya matone. Mrija na mfuko visiwe vya plastiki laini ya kawaida ya PVC, maana mafuta hayohayo huvuta kemikali kutoka humo, na chujio la mikroni 0.22 au chini liwe njiani. Kama pampu ni mbili tu, zipeleke kwa watoto na kwa dawa za saa nyingi.

Oda ya daktari: kuandika kwa mkono, fomu iliyochapwa, au kompyuta

Boston, mwaka 1994: siklofosfamidi iliyokusudiwa kuwa jumla ya siku nne ilitolewa yote kila siku, kwa siku nne. Mmoja wa waliopatwa, mwandishi wa habari za afya, alifariki. Oda ilisomwa na watu wengi, na hakuna sehemu iliyomlazimisha yeyote kuandika dozi ya siku na dozi ya mzunguko kando kwa kando.

Fomu iliyochapwa kwa kila aina ya tiba hufanya hivyo kwa gharama ya karatasi na wino. Iwe na nafasi ya namba ya mzunguko na siku, urefu, uzito wa leo, eneo la mwili (urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu), mg kwa mita ya mraba, dozi ya leo, jumla ya mzunguko, njia, maji ya kuchanganyia na muda. Njia ichapwe, isiandikwe. Vinkristini ichapwe na kikomo chake cha 2 mg. Kwa kaboplatini, iwe na mstari wa dozi: kasi ya figo kuchuja (ml kwa dakika) jumlisha 25, kisha jibu mara kiwango lengwa cha dawa mwilini (AUC), na kikomo cha figo cha 125, maana kreatini ya chini kwa mgonjwa aliyekonda hudanganya. Kwa doksorubisini, jumla ya maisha hadi leo. Ikikaribia 450 mg kwa mita ya mraba daktari asaini upya. Uzito ukibadilika kwa asilimia 10, hesabu zianze mwanzo. Andika 2 mg, si 2.0, ambayo nukta ikififia ni 20. Na andika 0.5, si .5.

Kompyuta hupiga hesabu vizuri kuliko sisi, lakini hunakili kosa la mzunguko wa kwanza hadi wa sita bila aibu, na uzito wa mwaka jana hubaki humo. Anza na fomu iliyochapwa, itumie mpaka kila mtu aizoee na sehemu zinazokera zirekebishwe, ndipo uihamishie kwenye mfumo. Anayehamisha awe mfamasia wa kemo na fundi wa kompyuta wakikaa meza moja, na kila tiba ijaribiwe kwa mgonjwa wa mfano mwenye majibu yaliyokwisha hesabiwa kwa mkono kabla ya kufunguliwa kwa wodi.